Baba hampi mwanawe wa kiume hemofilia. Ulizeni upande wa wajomba

Mhariri,

Kila magonjwa ya kurithi yanapojadiliwa katika safu ya barua, madai mawili hujirudia. La kwanza ni kwamba mtoto wa kiume huchukua ugonjwa wa baba yake na wa kike huchukua wa mama yake. La pili ni kwamba mwanamke akizaa mtoto mwenye hemofilia, yaani ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, au mtoto ambaye misuli yake inadhoofika, basi yeye ndiye "aliyeleta damu mbaya" katika ukoo wa mumewe. La kwanza si kweli hata kidogo. La pili lina chembe ya ukweli iliyofunikwa na lawama, na lawama hiyo ndiyo inayowafanya watu wafiche habari ambazo daktari anazihitaji ili kuokoa maisha ya mtoto anayefuata.

Karibu kila seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, yaani jozi 23 za nyuzi zinazobeba jeni, maagizo ya urithi. Jozi 22 zinafanana kwa wanaume na wanawake. Iliyobaki ndiyo ya jinsia: mwanamke ana X mbili, mwanaume ana X moja na Y moja. Kromosomu X imebeba jeni zaidi ya 800 za kutengeneza protini, na nyingi hazina uhusiano wowote na kuwa mwanamke au mwanaume. Kuna za kugandisha damu, za kutofautisha rangi, za kuimarisha misuli na za kulinda seli nyekundu za damu. Y ni ndogo na jeni zake ni chache mno. Haina nakala za jeni hizo nilizotaja. Mwanamke akiwa na jeni yenye hitilafu kwenye X moja, mara nyingi ile X ya pili humsitiri. Mwanaume hana akiba.

Mama humpa kila mtoto X moja kati ya zake mbili, na ipi itakwenda ni bahati. Baba akitoa X mtoto ni wa kike, akitoa Y ni wa kiume. Hapo dai la kwanza linaanguka. Baba mwenye hemofilia hawezi kumrithisha mwanawe wa kiume ugonjwa huo, kwa sababu alichompa ni Y. X yake haikufika huko kabisa. Lakini binti zake wote, bila kubaki hata mmoja, wameipokea X hiyo, maana hana nyingine ya kuwapa. Hao hawahitaji kipimo ili kujua kama ni wabebaji, yaani wanawake wenye jeni yenye hitilafu kwenye X moja. Ni wabebaji.

Mfano ulioandikwa vizuri katika historia ni wa familia ya Malkia Victoria wa Uingereza. Mwanawe Leopold, aliyezaliwa mwaka 1853 na kufariki mwaka 1884, alikuwa na hemofilia. Aliacha watoto wawili. Wa kiume, Charles Edward, hakuwa na ugonjwa. Wa kike, Alice, hakuugua, lakini mwanawe Rupert alikuwa nao na alifariki mwaka 1928 baada ya ajali ya gari. Babu, binti, mjukuu: njia imepinda kupitia kwa mwanamke asiye na dalili. Mwana mkubwa wa Victoria, Edward VII, hakuipata jeni hiyo, na ndiyo maana wafalme waliofuata wa Uingereza hawana habari nayo. Ilifika Urusi kupitia mabinti, hadi kwa Alexei, mwana wa mfalme wa mwisho wa nchi hiyo. Uchunguzi wa mifupa ya familia yake uliotangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba ilikuwa hemofilia B, yaani upungufu wa protini ya kugandisha damu iitwayo faktari ya 9. Hemofilia A, iliyo ya kawaida zaidi, ni upungufu wa faktari ya 8, na huwapata kama wavulana 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa.

Ndoa inayozua maswali mengi ni ya mama mbebaji na baba mzima. Kila mtoto wa kiume ana uwezekano wa nusu kuwa mgonjwa. Kila mtoto wa kike ana uwezekano wa nusu kuwa mbebaji kama mama yake. Watu wakisikia "nusu" hudhani kwamba wa kwanza akiwa mgonjwa, wa pili atakuwa mzima ili hesabu ikae sawa. Sarafu ikirushwa haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita. Mama huyu akiwa na wavulana watatu, uwezekano wa wote kuwa wagonjwa ni 1 kati ya 8, na wa wote kuwa wazima ni uleule. Familia za namna hii ya pili ndizo hupitisha jeni kimyakimya kupitia binti zao, kisha ugonjwa ukijitokeza kwa mjukuu watu wanaulizana umetoka wapi.

Turudi kwenye dai la "damu mbaya". Kama theluthi moja ya wagonjwa wa hemofilia hutoka katika familia ambazo hazikuwahi kuwa na ugonjwa huo. Jeni iliharibika upya, ama kwenye yai, ama kwenye mbegu ya mwanaume kizazi kimoja au viwili nyuma. Kwa Victoria mwenyewe hakuna dalili ya ugonjwa kwa wazee wake, na baba yake hakuwa nao. Mara nyingi hitilafu ya kwanza hutokea kwenye mbegu za babu mzaa mama, mtu mzima wa afya asiyejua lolote, kisha binti yake akalaumiwa miaka 30 baadaye kwa kitu ambacho hakukifanya na asingeweza kukizuia.

Kuna mtego mwingine hapa, hasa kwa ugonjwa wa Duchenne, ule unaodhoofisha misuli ya wavulana kuanzia kati ya miaka 2 na 5. Mama anapimwa damu, jeni yake inaonekana salama, anaambiwa aende zake. Lakini hitilafu inaweza kuwa katika baadhi ya mayai yake tu bila kuwamo kwenye damu. Kwa hiyo mama wa mtoto mwenye Duchenne ambaye kipimo chake cha damu ni safi bado anapaswa kuelezwa kwamba mimba inayofuata inaweza kupimwa. Uwezekano ni mdogo, lakini upo.

Nisisitize jambo ambalo hata vitabu vya shule hulipita haraka: neno "mbebaji" halina maana ya "mzima". Mwaka 1961 mtafiti wa Uingereza Mary Lyon alipendekeza, na baadaye ikathibitika, kwamba kila seli ya mwanamke huzima X moja mapema sana tumboni na kutumia nyingine. Ipi inazimwa ni bahati. Mwanamke mbebaji ana mchanganyiko wa seli zinazotumia jeni nzima na zinazotumia jeni yenye hitilafu. Wengi huangukia katikati na hawapati shida. Wengine bahati inawaegemea vibaya, faktari yao inashuka chini ya asilimia 40 ya kiwango cha kawaida, na hao wana hemofilia hafifu, si ubebaji mtupu. Dalili zao ni hedhi inayozidi siku 7 au yenye mabonge makubwa, damu isiyokatika baada ya kung'oa jino, na kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Wanawake hawa huishia kuambiwa kwamba ndivyo walivyoumbwa na kupewa vidonge vya madini ya chuma mwaka hadi mwaka. Wabebaji wa Duchenne nao wanahitaji kupimwa moyo mara kwa mara hata kama misuli yao ya mikono na miguu ina nguvu, kwa sababu protini inayokosekana hufanya kazi kwenye misuli ya moyo pia.

Upofu wa rangi nyekundu na kijani hauna hatari kama hiyo, lakini ndio unaoonyesha hesabu vizuri zaidi. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini unampata kama mwanaume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200. Tofauti hiyo haina fumbo: mwanaume anahitaji X moja yenye hitilafu, mwanamke anahitaji mbili kwa pamoja. Ndiyo sababu msichana mwenye upofu huu kwa kawaida ana baba mwenye nao na mama aliye mbebaji au mwenye nao, na wanawe wote wa kiume watakuwa nao. Lakini kuna kituko. Jeni za aina nyekundu na za aina ya kijani ni mbili tofauti, zimekaa jirani kwenye X. Binti akipokea kwa baba X yenye hitilafu ya kijani, na kwa mama X yenye hitilafu ya nyekundu, anaona rangi vizuri kabisa, maana kila X inaziba pengo la mwenzake. Karibu kila mwana atakayemzaa atakuwa na upofu wa rangi wa aina moja au nyingine.

Na tafadhali, msichana akionekana na upofu wa rangi huku baba yake anaona vizuri, asitokee mtu wa kumtuhumu mama. Kuna wasichana wenye X moja tu badala ya mbili, kuna ambao uzimaji wa X umeegemea upande mmoja, kuna hitilafu mpya, na upofu wa rangi ya bluu na njano hautokani na X kabisa. Jeni yake iko kromosomu ya 7. Kadi za kupima uonaji wa rangi si kipimo cha ubaba.

Mtoto wa kiume akigundulika, kazi ya kwanza ni kuchora mti wa familia wa vizazi vitatu. Karatasi moja na kalamu vinatosha. Mwanaume ni mraba, mwanamke ni duara. Mgonjwa anajazwa wino, mbebaji anawekewa nukta katikati ya duara, aliyefariki anapigwa mstari wa mshazari, na mtoto aliyeanzisha uchunguzi anaonyeshwa kwa mshale. Anza na mtoto, panda kwa mama yake, kisha kwa ndugu wa mama: wajomba, mama wakubwa na mama wadogo, na watoto wa hao mama. Panda tena kwa bibi mzaa mama na ndugu zake. Baba mkubwa, baba mdogo na shangazi hawahusiki na X ya mvulana huyu, hata kama ndio wanaozungumza zaidi kwenye kikao.

Usiulize "kuna hemofilia kwenu?" Utajibiwa hapana. Uliza kama kuna mvulana aliyetokwa damu kwa siku kadhaa baada ya tohara au baada ya kitovu kudondoka, aliyevimba goti au kiwiko bila kuanguka, aliyefariki utotoni baada ya jeraha dogo au kwa damu kichwani. Kwa Duchenne uliza kuhusu mvulana aliyechelewa kutembea, mwenye vigimbi vinene visivyo na nguvu, aliyenyanyuka kutoka chini kwa kujishika mapaja, na aliyeacha kutembea kabla au karibu na ujana. Vifo vya watoto ambavyo familia imezoea kutovitaja ndivyo hujaza mti huu.

Kisha usome mti wenyewe. Wagonjwa wakiwa wanaume karibu wote, wameunganishwa na wanawake wasio na dalili, na hakuna baba aliyempa mwanawe wa kiume, shaka inaelekea kwenye X. Ukipata hata baba mmoja ambaye kweli kamrithisha mwana wa kiume, ondoa X kwenye orodha, isipokuwa mama naye awe mbebaji. Hilo la mwisho hutokea kwa jeni zilizoenea sana au ndoa za binamu, na hapo hata nusu ya mabinti wanaweza kuwa wagonjwa. Kuna pia magonjwa machache ya X ambayo nakala moja inatosha kuugua hata kwa mwanamke, kama aina fulani ya matege yanayotokana na figo kupoteza fosfati. Huko baba mgonjwa huwa na mabinti wote wagonjwa na wana wote wazima. Sikoseli haimo katika kundi hili. Jeni yake iko kromosomu ya 11, huchukuliwa kwa wazazi wote wawili, na huwapata wavulana na wasichana kwa usawa. Ualbino wa ngozi na nywele ni vivyo hivyo.

Mti huo hutoa pia hesabu ambazo wanawake wengi hawaambiwi. Chukua dada wa mwanaume mwenye hemofilia, ambaye mama yao anajulikana ni mbebaji. Uwezekano wa dada huyo kuwa mbebaji ni nusu. Akizaa mvulana mmoja mzima, unashuka hadi theluthi moja. Wawili wazima, moja ya tano. Watatu, moja ya tisa. Haufiki sifuri. Mabinti aliowazaa hawabadilishi hesabu hiyo, kwa sababu binti mbebaji na binti asiye mbebaji wanaweza wasitofautike kwa macho.

Kipimo cha vinasaba kianze kwa mvulana mgonjwa, si kwa mama wala dada. Sababu ni hii: hitilafu zinazoleta hemofilia ni nyingi mno, na maabara inapaswa kwanza kujua ni ipi inayotembea katika familia hii. Kwa hemofilia A kali, karibu nusu ya wagonjwa wana kipande cha jeni kilichogeuka kichwa chini miguu juu, kwa hiyo hicho hutafutwa kwanza. Ukimpima dada peke yake na jibu likaja "hakuna kilichoonekana", hujui kama hana au kama hakikutafutwa kinachostahili. Damu ya vinasaba huwekwa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Damu ya kupima kuganda huwekwa kwenye chupa ya kifuniko cha bluu yenye sitreti, dawa inayozuia damu kuganda, na lazima ijae hadi kwenye alama, sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya dawa. Chupa isipojaa, dawa inazidi damu na mtu mzima anatokea kuwa mgonjwa kwenye karatasi.

Wala kiwango kizuri cha faktari ya 8 hakimwondolei mwanamke ubebaji. Faktari hiyo hupanda kwa mimba, mazoezi, uvimbe na hofu ya sindano. Faktari ya 9 haipandi namna hiyo wakati wa mimba. Kwa hiyo viwango vipimwe kabla ya kushika mimba, na virudiwe miezi mitatu ya mwisho.

Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, unastahili barua yake. Hapa naongeza moja tu. Nao uko kwenye X, umeenea sana katika maeneo yenye malaria, na wenye nao seli zao nyekundu huvunjika wakipewa primakwini (dawa ya malaria) au dapsoni (dawa ya ukoma), au wakivuta harufu ya vidonge vya naftalini. Mtu akipimwa siku ambazo damu yake inavunjika, jibu linaweza kuja zuri. Seli kuukuu, zile zenye kimeng'enya kidogo, zimeshakufa, na zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya kingi. Kipimo kirudiwe baada ya kama miezi mitatu. Kwa wanawake, vipimo vya ndiyo au hapana huwapita wengi walio katikati. Wanahitaji kipimo kinachotoa kiwango.

Mbebaji wa hemofilia akikaribia kujifungua mtoto wa kiume, au asiyejulikana jinsia, wakunga wajue mapema. Vifaa vya kumvuta mtoto kwa vakyumu au koleo viepukwe, na waya za kupima mapigo ya moyo zisichomekwe kichwani mwa mtoto. Damu ichukuliwe kwenye kitovu mara tu mtoto anapozaliwa. Sindano za msuli zisubiri jibu. Vitamini K inaweza kutolewa kwa mdomo. Maabara iombwe kupima kiwango cha faktari yenyewe, si muda wa kuganda peke yake, kwa kuwa muda huo huwa mrefu kwa watoto wachanga wote na unaweza kuwa wa kawaida kwa hemofilia hafifu. Jibu la faktari ya 8 linaaminika siku hiyohiyo. Faktari ya 9 iko chini kwa kila mtoto mchanga, kwa hiyo kama haikukosekana kabisa bali imepungua kidogo, mtoto apimwe tena akitimiza miezi 6, na tohara isifanyike kabla ya jibu hilo.

Ndimi msomaji wako,
Mtaalamu wa maabara ya damu